Posa ya Kihispania

Mujtaba aliahidi kumleta mama yake, na kweli akamleta. Katika yote aliyoahidi wiki ile, hilo peke yake ndilo alilolitimiza, ila Auleria alikuwa bado hajajua.

Aliwaona wakishuka kwenye gari karibu na geti la shule. Yeye alikuwa amesimama mlangoni mwa darasa la Kidato cha Pili, vidole vyeupe kwa chaki, gauni lake jipya la kitenge limeshaingia vumbi pindoni. Mujtaba alizunguka akamfungulia mama yake mlango. Bi Dolat akashuka taratibu, baibui jeusi, mtandio wa kijivu, mkoba umebanwa kwapani. Alikuwa na macho ya mtu aliyekaa dukani miaka mingi: akikutazama, anakupima.

Auleria akajifuta mikono harakaharaka. Mujtaba alipoinua uso, macho yao yakakutana juu ya vichwa vya wazazi waliojaa uani, akatabasamu. Tabasamu hilo ndilo lililomfikisha Auleria hapo alipofika. Lilikuwa tabasamu la mtu anayekuomba umsamehe kabla hajakosa.

Walikutana hapa hapa shuleni Tegeta, mwaka uliopita. Mujtaba alikuja siku ya wazazi kwa niaba ya kaka yake aliyeko Dubai, maana mtoto wa kaka, Mohamedraza, anasoma Kihispania kwa Auleria. Siku ile darasa lilikuwa limegeuzwa soko. Wanafunzi walichonga nyanya za maboksi, wakakata vitunguu vya karatasi ya zambarau, na kila mzazi aliyeingia alilazimishwa kununua kwa Kihispania au atoke mikono mitupu. Mujtaba alijua neno moja tu alilonong'onezwa mlangoni, neno la vitunguu. Basi akanunua vitunguu vyote vya soko lile, kibanda hadi kibanda, huku watoto wanamcheka mpaka wanakaa chini. Mwisho akaja mbele ya mwalimu amevikumbatia kifuani.

"Mwalimu, nifundishe na neno la nyanya basi. Nyumbani hawawezi kula vitunguu vitupu."

Watu huanza kupendana kwa mambo ya hovyo. Hawa walianza kwa vitunguu vya karatasi. Baada ya hapo Mujtaba akawa anapita shuleni na maboksi matupu kutoka duka lao la vifaa vya shule pale Mwenge, eti ya kutengenezea vibanda vya soko. Baadaye hata maboksi akaacha kuyaleta, akawa anakuja mwenyewe tu.

Na sasa mwaka umepita, na kesho ni Jumapili. Kesho, nyumbani kwa kina Auleria kule Pugu, baba yake mzee Adelard anawasubiri wazee wa Mujtaba walete posa. Kumfikisha mzee hapo haikuwa kazi ndogo. Mkatoliki wa Bukoba, katekista wa miaka na miaka, aliposikia jina la kijana alikaa siku nzima bila kusema na mtu. Alikataa, akagomba, akamtuma padri amkanye binti, akarudi kukataa tena. Mwisho alimwita binti yake jikoni akamwambia, "Walete. Ila waje mchana, waingie mlango wa mbele." Ndugu wakapanda basi kutoka Bukoba.

Upande wa pili, Mujtaba alisema mambo yapo sawa. "Mama anajua," alimwambia Auleria. "Anasitasita kidogo tu. Anataka kukuona kwanza. Nitamleta siku ya wazazi akuone kazini, halafu Jumapili tunakuja."

Ndiyo maana leo Auleria aliamka kabla ya jogoo, akalipiga pasi gauni lile mara mbili.

"Shikamoo mama," akasema, akipiga goti kidogo.

"Marahaba. Wewe ndiye mwalimu wa Raza? Mbona kadogo hivi?"

"Ni mwili tu mama, umri upo."

Bi Dolat akacheka, kicheko kifupi cha puani. "Raza hatupumzishi nyumbani. Akitaka chumvi mezani anaiomba kwa Kihispania, tusipoelewa anakula chakula bila chumvi. Umemroga mjukuu wangu."

"Nisamehe mama."

"Usiombe msamaha. Kwenye hesabu hata hatumsikii."

Akapita ndani. Auleria akavuta pumzi. Moyoni alishamwita mama mkwe.

Darasa lilijaa. Kamba za kuanikia nguo zilikatiza kutoka dirisha hadi dirisha, zimening'inizwa maneno kwa vibanio, la mkate, la barabara, la maji, la dada. Sakafuni palichorwa mstari mzito wa chaki. Ukishauvuka mstari ule umeingia Uhispania: Kiswahili mwiko, Kiingereza mwiko, na atakayekosea analipa faini ya kuimba. Mlangoni kila mzazi alipewa kadi mbili, ya kijani imeandikwa *sí*, yaani ndiyo, na nyekundu imeandikwa *no*, yaani hapana, ili hata asiyejua kitu aweze kujibu akiulizwa.

Walianza na vitenzi. Kumfundisha mtoto wa Dar vitenzi vya Kihispania kwa kukariri ni kumlaza usingizi, kwa hiyo Auleria aliwaachia wavipige kwa mdundo wa singeli. Badru akagonga dawati kwa rula, wenzake wakavimwaga vitenzi kwa kasi ya ajabu, nafsi ya kwanza mpaka ya mwisho, mabega yanacheza. Baba mmoja mnene akajikuta naye anacheza. Bi Dolat alitikisa kichwa, lakini Auleria aliuona mguu wake ukigonga sakafu.

Kisha Blessing, msichana mwenye sauti ya tarumbeta, akatangaza mchezo wa mwisho. Watoto waliuchagua wenyewe: kupeleka posa, kwa Kihispania mwanzo mwisho.

Auleria aliwaachia walipouchagua, na hapo ndipo alipokosea. Mwalimu mwenye posa ya kweli inayomsubiri Pugu hatakiwi kuruhusu posa ya mchezo darasani kwake. Lakini kila walipofanya mazoezi, moyo wake ulikuwa unakunywa raha. Aliwasahihisha matamshi huku anajiona yeye.

Kwenye mazoezi bwana harusi alikuwa Brightson na bibi harusi Blessing. Leo Brightson aliingia na fimbo na ndevu za pamba. Amekuwa mshenga. Blessing amevaa koti la baba yake linalomfika magotini. Amekuwa mzee wa nyumba.

"¡Buenos días, familia!" Brightson akapiga fimbo chini.

"¡Buenos días!" darasa likaitikia.

"¿Qué buscan ustedes?" Blessing akauliza, uso umekunjwa kama mzee mwenye madeni. Mnatafuta nini?

"Buscamos una flor." Tunatafuta ua.

Wazazi wakaguna kwa raha. Wasiojua hata neno moja la Kihispania walielewa, maana posa inaeleweka kwa lugha yoyote: ile namna ya kukaa ukingoni mwa kiti, kile kikohozi cha mshenga, ule mzunguko wa maneno wakati kila mtu anajua kilicholetwa.

"Ua lina bei hilo!" baba mnene akadakia.

"¡Multa! ¡Multa!" watoto wakapiga kelele. Faini. Baba wa watu akasimama akaimba ubeti wa wimbo wa harusi, akashangiliwa.

Halafu Brightson akageuka. Hakwenda kwa mwanafunzi yeyote. Alikwenda moja kwa moja mpaka kiti cha Mujtaba, akamshika mkono, akamvusha mstari wa chaki. Na wasichana wawili tayari walikuwa wamemshika Auleria mabega, wamemfunika kanga kichwani.

Wanafunzi wanajua. Mwalimu anaweza kumficha mkuu wa shule, anaweza kumficha hata padri wake, lakini watoto anaokaa nao kila siku hawezi kuwaficha.

Auleria angeweza kusema basi. Neno moja tu, na wangemwachia. Hakulisema. Aliamini mama anajua. Aliwaza: pengine ni vizuri iwe hivi, kwa kicheko, ili kesho iwe rahisi.

Blessing akaifunua kanga. "¿Es ella?" Je, ni huyu?

Mujtaba akamtazama Auleria. Kelele zikatoka masikioni mwao wote wawili.

"Sí," akasema. "Es ella."

Kwenye mchezo maneno ya bwana harusi yaliishia hapo. Lakini hakukaa.

"La quiero," akaongeza.

Maneno hayo Auleria hakuwahi kuyafundisha darasani. Alimfundisha mtu mmoja tu, kwenye benchi la duka la juisi pale Mwenge, mvua inanyesha, naye akayarudia vibaya vibaya mpaka akayapata. Nampenda. Darasa likalipuka.

Brightson, bado anacheka kwenye pamba zake, akasogea kwa mama wa bwana harusi. "Señora, ¿acepta?"

"Dadi," Raza akamnong'oneza bibi yake, "anauliza umekubali? Inua kadi."

Bi Dolat hakuwa anamwangalia Brightson. Alikuwa anamwangalia mwanawe. Mama hahitaji mkalimani kuijua sauti ya mtoto wake inapokuwa ya kweli.

Akainua kadi nyekundu.

"¡Ay, señora!" Watoto wakaangua kicheko. Ilikuwa kwenye mchezo: mshenga lazima akatishwe tamaa kwanza, aulize tena na tena. Brightson akapiga goti. "¿Acepta, señora?"

Nyekundu. Kicheko kikapungua.

"¿Acepta?"

Nyekundu, na safari hii hakuishusha. Hakuna aliyecheka. Brightson, mtoto mwenye akili ya haraka, akajing'oa ndevu akamkonyeza Badru, rula ikagonga dawati, singeli ikaanza upya. Wazazi wakapiga makofi. Wengi walienda zao wakijua wameona mchezo mzuri.

Auleria alimkuta Bi Dolat mwisho wa veranda, ameegemea ukuta.

"Mwalimu, nipatie maji."

Akamletea. Bi Dolat akanywa nusu, akashika glasi kwa mikono miwili.

"Mwanangu amekijua lini Kihispania?"

"Amekuwa... anakujaga hapa, mama."

"Anakujaga. Mie nilidhani anakuja kwa ajili ya Raza."

Auleria akasogea karibu. "Mama, nisamehe kwa mchezo ule. Lakini Mujtaba aliniambia unajua. Aliniambia unasitasita tu. Wazee wangu wanasubiri kesho."

"Wanamsubiri nani?"

"Wazee wa Mujtaba."

Bi Dolat akamtazama. Hasira ilikuwepo machoni mwake, lakini ilianza kusogea pembeni, ikaacha kitu kibaya kuliko hasira. Huruma.

"Wazee gani, binti yangu?"

Uani watoto walikuwa wanakimbizana na visoda vya mchezo wa bingo.

"Alhamisi tulikuwa kwa kina Jumana," Bi Dolat akasema polepole. "Familia ya msikitini kwetu, tunajuana nao tangu zamani. Mujtaba alikaa pale, akanywa chai, akaongea na baba wa msichana bei ya karatasi. Njiani nikamuuliza, mwanangu, tuendelee? Akanijibu, unavyoona wewe, Mama."

"Alhamisi hii?"

"Hii hii."

Alhamisi hiyo hiyo jioni Mujtaba alimpigia Auleria kumuuliza baba yake anapenda zawadi gani.

"Sikuchukii," Bi Dolat akaendelea. "Usiende ukasema yule mama alinichukia. Angeniambia, ningelia. Ningegomba, ningekaa siku kadhaa simpikii. Mwisho labda ningesema hapana. Labda. Mie mwenyewe sijui. Lakini ningekuwa nimeulizwa na mwanangu, nyumbani kwangu. Sio na watoto wenye ndevu za pamba, mbele za watu, eti niinue kadi." Akainamia glasi. "Mwanamke anaomba kitu gani kibaya? Kuambiwa tu."

"Hata mie, mama," Auleria akasema. "Hata mie."

Bi Dolat akamrudishia glasi. Vidole vyao vikagusana, na Bi Dolat hakuharakisha kuviondoa.

"Ametudanganya sote," akasema. "Na sote tunampenda. Ndicho anachotegemea." Akaenda kwenye gari.

Mujtaba alimkuta Auleria darasani peke yake, anang'oa vibanio kwenye kamba.

"Auleria."

Hakugeuka. "Wazee gani, Mujtaba?"

"Nisikilize kwanza."

"Nimekuuliza wazee gani. Nani alikuwa anakuja kesho? Nitajie hata mmoja. Nitajie jina."

Mujtaba akaokota kibanio kilichoanguka, akakigeuza mkononi.

"Baba yangu ameazima viti kanisani. Yule yule aliyekaa siku nzima bila kusema na mtu kwa ajili yako. Shangazi yangu ana miguu mibovu, amekaa kwenye basi kutoka Bukoba. Mama ameshaanza kumenya ndizi. Ulikuwa unangoja nini? Ungenipigia saa ngapi?"

"Nilikuwa natafuta wakati mzuri wa kumwambia."

"Ukaona ni leo."

"Nilidhani akikuona atakupenda. Nani amekuona wewe asikupende? Nilijua akikuona, mie kusema itakuwa rahisi."

"Ulidhani nitamwambia mie kwa niaba yako. Mie na watoto wangu wa Kidato cha Pili."

Mujtaba akakaa kwenye dawati dogo, magoti yamemfika kifuani. Alikuwa mwanaume mzuri hata akiwa amekosa, na hilo lilimuuma Auleria zaidi.

"Hujui kwetu," akasema. "Baba alipofariki, Mama alikaa dukani peke yake akatulea. Kaka akaondoka. Nimebaki mie. Kila nikifungua mdomo namuona anavyofunga duka jioni, anavyohesabu funguo. Nashindwa."

"Sijakuomba umwache. Mie pia nampenda mama yangu. Nilikuomba umwambie."

"Tuoane bomani, kimya kimya. Baada ya muda watazoea. Wakiona mtoto..."

"Kimya kimya!" Auleria akageuka, na machozi yalikuwa yameshafika kidevuni. "Mwaka mzima tumekaa kimya kimya. Juisi kimya kimya. Simu kimya kimya. Krismasi ulikuja Pugu ukasimama nje ya uzio kama mwizi wa kuku, kimya kimya. Baba yangu alisema waje mchana, Mujtaba. Mchana."

"Nakupenda. Unajua nakupenda."

"Najua. Umelisema leo mbele ya kijiji kizima, kwa lugha ya watu, na hujatetemeka. Kwa Kikachi chenu, mezani, wewe na mama yako tu, limekukwama kooni."

Hapo Mujtaba akafunika uso. Auleria alitaka kwenda kumshika kichwa. Alitaka sana. Alishika kamba badala yake.

"Gari bado lipo," akasema, sasa kwa upole. "Yumo ndani, anakungoja. Nenda kamwambie sasa hivi. Sijasema akubali. Akikataa nitakusubiri, nitampigia baba nimwambie wamekwama, awape miezi. Akikataa tena nitasubiri tena. Mie sina haraka nawe. Mwambie tu. Sema: Mama, huyu ndiye ninayemtaka. Mie nitasimama hapa dirishani."

Mujtaba akainuka. Akamshika mkono, akaubusu kwenye vumbi la chaki, akatoka kwa hatua za mtu aliyeamua.

Auleria akasimama dirishani.

Alimuona akikatiza uani. Akafungua mlango wa upande wa mama yake, akainama. Bi Dolat aliinua uso. Midomo ya Mujtaba ikasogea. Auleria akashika nondo za dirisha kwa mikono yote miwili. Sema. Sema, mpenzi wangu. Mujtaba akainama zaidi, mkono wake ukaingia ndani ya gari, ukavuta kitu, ukakibana.

Alikuwa anamfunga mama yake mkanda.

Kisha akazunguka mpaka mlango wake, akaingia, akawasha gari. Kwenye geti mlinzi aliwafungulia, akawapigia saluti. Gari likakata kulia kuelekea barabara ya Bagamoyo, na kioo cha upande wa dereva hakikushuka.

Kule Pugu jua lilikuwa bado lipo mzee Adelard alipokuwa anapanga viti vya kanisa chini ya turubai. Alivipanga, akarudi nyuma kuvitazama, akavisogeza tena.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama. Umerudi mapema. Wamesema watakuja saa ngapi?"

"Hawaji, baba."

"Wamesogeza mbele?"

"Hawaji."

Mzee akakaa kwenye kimojawapo. Auleria alisimama mbele yake akisubiri yale maneno. Mzee alikuwa na haki nayo. Miezi mingi alimkanya, na sasa angeweza kusema: nilikuonya, mimi nilikwambia. Mzee hakuyasema. Alimwangalia mtoto wake, gauni limechakaa kwa siku moja, macho yamevimba.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Hakuna."

"Usimwambie mtu. Hata mama yako kwanza. Kesho nitasema mie ndiye niliyewakataa."

"Baba, huo ni uongo. Wewe hujawahi..."

"Najua ni uongo, nafundisha watu katekisimu." Akashusha sauti, maana nyuma ya nyumba wanawake walikuwa wanacheka na kumenya ndizi. "Posa ikikataliwa na baba, watu wanamsema baba. Mkali, mbaguzi, mkorofi. Nitavumilia. Binti akipangiwa viti, wageni wasije, anasemwa yeye. Wanaanza kuuliza ana nini. Watauliza mpaka nimekufa. Kanawe uso."

Jumapili baada ya misa akasimama mbele ya ndugu zake kwenye viti vile vilivyoazimwa, akasema. Alisema kwa kifupi, bila kuinua macho: wamenitumia ujumbe jana, nimefikiri, nimekataa, tule.

Kisha ba'mkubwa Erasmus akapiga kofi pajani.

"Ndiye Adelard ninayemjua! Nilijua tu! Wangekuja hapa na maringo yao, wanatushikia pua. Tena kijana mwenyewe anafanya nini? Si anauza penseli?"

Watu wakacheka.

"Penseli na raba," mwingine akadakia. "Angetufuta wote!"

Wakacheka zaidi. Auleria alikuwa anazunguka na jagi na beseni, ananawisha watu mikono kabla ya chakula. Mzee mmoja baada ya mwingine, alimmiminia maji mtu anayemcheka Mujtaba. Alitaka kupiga kelele kwamba huyo muuza penseli aliwahi kununua soko zima la vitunguu vya karatasi kwa sababu ya neno moja, kwamba ana mikono laini, kwamba ni mwoga tu, ni mwoga, lakini si mtu wa kuchekwa. Akamimina tu. Akisema neno moja la kumtetea, uongo wa baba yake unaanguka.

"Auleria!" shangazi mwenye miguu mibovu akaita. "Baba yako amekuokoa, wewe umesimama tu? Mpigie magoti umshukuru."

"Ndiyo! Mshukuru mzee!"

Akafika mbele ya baba yake. Akapiga magoti kwenye mchanga, beseni mkono mmoja, jagi mkono mwingine.

"Asante, baba."

Wakapiga makofi. Mzee Adelard akakinga mikono, Auleria akamimina. Mzee hakusugua vidole wala hakukung'uta maji. Alikinga tu, macho yakiwa ndani ya beseni, na Auleria akaendelea kumimina, mpaka jagi likawa jepesi, mpaka tone la mwisho.

"Maji yameisha, baba," akamwambia kwa sauti ya chini.

"Nimeona," mzee akajibu, na mikono yake ikabaki pale pale, imekingwa, ili watu wasijue bado kwamba maji yameisha, na binti yake asilazimike kuinua uso wenye machozi.